Koromeo

Saa kumi na moja jioni, Kibokoni, ghorofa ya tatu,
Famau huburuta kiti mpaka mbele ya runinga
akatuamuru sote tunyamaze.
Katuni yenyewe ingeweza kungoja.
Alitaka ile dakika moja na nusu ya mwanzo,
wanaume wa Japani wakiimba hadi mishipa ya shingo itutumke
kama watu wanaodai deni la marehemu.

Maneno aliyanakili kwa sikio
nyuma ya daftari la Hisabati, baada ya sehemu:
kaze, yume, kokoro.
Hakujua maana ya hata moja.
Nilimchungulia begani nikaona ajabu yake,
kila silabi imekomea kwenye irabu,
imeingia Kiswahilini kama mguu
kwenye kiatu cha ndugu.
Nami wakati ule Mwalimu Zuwena
alikuwa ananitesa na mizani, vidole vinane na vinane,
basi nikamwambia nakijua Kijapani.
Kaze ni kaza. Yume ni kiume.
Kokoro, hilo ni koromeo, hulioni?
Nikamtungia tafsiri ya uongo mtupu:

*Kaza, ndugu yangu, kaza, upepo ukikupinga,*
*Mbingu ni kubwa, yajaza, macho ya anayelenga,*
*Kiume si kunyamaza, hata jabali hulonga,*
*Koromeo lanikaza, ndilo moyo, ndilo panga.*

Aliniamini miaka miwili.

Baba alikuwa mtu wa winchi, Kilindini, zamu ya usiku.
Mchana alilala nyuma ya pazia la maua ya zambarau
na sisi tukaishi kwa kunong'ona.
Maneno yake ungeyahesabu:
chai. Soksi. Fungeni mlango.
"Imba," mama humwambia Famau, "lakini baba'ko alale."
Kwa hiyo mdogo wangu alijifunza kupiga ukelele wa shujaa
kwa sauti ya mtu anayesoma barua.

Kisha akatimiza kumi na tatu na koo likamgeuka.
Pale juu kabisa, pale mwimbaji anapopaa,
sauti ya Famau ilipasuka kama kaure.
Bi Nargisi wa ghorofa ya pili aliuliza ngazini
tumeanza lini kufuga jogoo.
Famau hakuimba siku tisa. Nilizihesabu.

Siku ya kumi stima ilikatika
wimbo ukiwa katikati.
Kioo kikafa, kukabaki joto na harufu ya vitunguu,
na gizani, labda kwa kuwa hatukumwona,
mtoto akaendelea.
Akapanda. Akapanda tena.
Akafika pale.
Ikavunjika.

Nyuma ya pazia kitanda kililia.
Kisha ikaja sauti nzito, ya usingizi, yenye kutu ya minyororo,
ikaiokota ile noti chini, mbali sana na ilipoangukia,
ikaibeba neno kwa neno mpaka mwisho wa wimbo,
hata pale Famau alipokuwa akikosea siku zote,
yeye hakukosea.

Mama alikuwa ameinua kawa, hakuishusha.

Baba akatoka akifunga mkanda.
"Soksi zangu zi wapi?"
Nikampa. Akachukua chakula chake, akashuka,
na kwenye ngazi za chini, karibu na mlango wa Bi Nargisi,
tukamsikia akianza upya, polepole, kutoka mwanzo.

Miaka baadaye, maktabani, nilifungua kamusi.
Kaze ni upepo. Kokoro ni moyo.
Nilikuwa nimebahatisha viwili bila kujua.
Yume ni ndoto; hapo nilimdanganya,
na sijamwambia.

Stima iliporudi katuni ilikuwa imefika mbali,
watu tusiowajua wakikimbia juu ya mapaa.
Famau hakugeuka kuitazama.
Alisimama ameshika koromeo lake kwa vidole viwili,
kama mtu aliyeachiwa kitu
na mwenye kitu akasema narudi sasa hivi.